Wakati uliopo wa Kiingereza si lazima uwe sasa hivi

Darasani tulikaririshwa kwamba kitenzi cha Kiingereza kikiwa katika wakati uliopo sahili, basi tendo linafanyika sasa. Wengi wetu huku Mbeya bado tunaamini hivyo. Si kweli, na Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuona kwa nini.

Mchukue mama anayeuza viazi Uyole. "She sells potatoes" haisemi kwamba muda huu anampimia mteja debe. Inasema huuza viazi. Ndiyo kazi yake, hata kama saa hii amelala nyumbani kwake. Ukitaka kusema yuko katikati ya kuuza, unahitaji "She is selling potatoes". Kinachotuponza ni -na-: "anauza" hubeba maana zote mbili, kwa hiyo tukitafsiri tunakimbilia umbo fupi. Jaribu kwanza kuweka hu-. Sentensi ikikubali bila kubadili maana, umbo sahili linatosha.

Halafu kuna ratiba. "The bus leaves for Iringa at six tomorrow" ni habari ya kesho kabisa, ilhali kitenzi kimebaki kilekile cha wakati uliopo. (Na hiyo ni saa kumi na mbili yetu, usije ukaachwa stendi.)

Kipimo cha hu- kina mpaka wake. Vitenzi vya hali, visivyotaja tendo, kama "know" na "want", kwa kawaida havipendi -ing hata jambo likiwa la sasa hivi: "I want tea", si "I am wanting tea". Hapo mwalimu wetu alikuwa sahihi, ingawa kwa bahati.