Familia Nyumba Moja, Siku Nzima: Dhana Potofu Kuhusu Kukaa Ndani Wakati wa Janga

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, mji wa Wuhan nchini China ulikuwa umefungwa tangu Januari 23, na Italia nzima ilikuwa na siku ya pili ndani. Wiki chache baadaye, kwa hesabu za Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa (UNESCO), wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 katika nchi zaidi ya 190 hawakuwa madarasani. Habari zote zikawa za hospitali, barakoa na kunawa mikono, na ilistahili iwe hivyo. Ila ndani ya nyumba kulikuwa na mzigo mwingine ambao haukuwa na msemaji: baba, mama, watoto, pengine na bibi au shangazi, wote katika vyumba vilevile saa 24, bila kujua mwisho ni lini.

Ushauri haukukosekana. Ulimiminika kwenye simu asubuhi na jioni, na mwingi haukuwa na mashiko. Baadhi ya dhana hizo bado zinarudiwa mpaka leo, na zitarudi tena siku watu watakapoambiwa wabaki ndani.

"Mkipendana, kukaa pamoja hakuna shida"

Naianza hii kwa sababu ndiyo iliyoumiza wengi. Inageuza kila ugomvi kuwa ushahidi kwamba mapenzi yamekwisha. Wanandoa waliopatana kwa miaka mingi walijikuta wakirushiana maneno kwa ajili ya chaja ya simu, kisha kila mmoja akalala anajiuliza kama aliolewa au alioa pasipofaa.

Tatizo halikuwa mapenzi. Kabla ya janga, siku ya familia iligawanywa na kutoka: huyu kazini, yule shuleni, mwingine sokoni. Hata ile njia ya kurudi nyumbani ilikuwa na kazi yake, maana mtu alipata nafasi ya kushusha hasira za kazini kabla hajafungua mlango. Amri ya kutotoka nje iliifuta migawanyo hiyo kwa mkupuo mmoja. Chumba cha kulala kikawa ofisi, meza ya chakula ikawa darasa, na hakuna aliyekaa chini kuamua nani anatumia nini na saa ngapi. Vikombe vikiwa kapu moja havikosi kugongana. Kinachopunguza kugongana huko ni mpangilio, na mpangilio hautokei wenyewe. Lazima watu wakae wauzungumze.

Mfikirie mama aliyeketi ukingoni mwa kitanda, kompyuta iko juu ya mto, yuko katikati ya mkutano. Mlango umefungwa. Kikaratasi kinapenyezwa chini ya mlango, mwandiko wa mtoto: "Mama umemaliza?" Anakisukuma pembeni kwa mguu. Baada ya muda kinaingia kingine, safari hii kikiwa na mchoro wa uso unaolia. Mtoto huyu wala si mtukutu. Ameambiwa "namaliza sasa hivi", na "sasa hivi" ya mtu mzima haina kipimo kwake. Mchoree saa kwenye karatasi, umwoneshe mshale mrefu ukifika wapi ndipo utatoka, na ukifika hapo utoke kweli, hata kama ni kwa dakika tano tu. Akishaona mara kadhaa kwamba ahadi inatimizwa, vikaratasi vitapungua.

Watu wazima nao wanahitaji vivyo hivyo. Kusema "nataka nusu saa peke yangu" si tusi kwa mwenzako, na asiyeruhusiwa kuisema hiyo nusu saa ataitafuta kwa njia nyingine: kwa kununa, au kwa kujifungia bafuni. Utasikia watu wakisema mambo haya ni ya wenye nyumba kubwa. Naona ni kinyume kabisa. Wenye vyumba vitano wanaweza kukwepana bila kusemezana. Wanaoishi chumba kimoja ndio hasa wanaohitaji makubaliano. Mkikubaliana kwamba aliyevaa hedifoni hasemeshwi, au kwamba aliyekaa kiti cha dirishani ahesabiwe kama katoka, mtakuwa mmeongeza chumba bila kujenga.

"Mtoto mdogo haelewi, usimwambie kitu"

Mtoto wa miaka minne hajui kirusi ni nini. Lakini anajua kwamba shule imefungwa ghafla, kwamba babu haji tena, kwamba baba anazima redio akiingia yeye. Mtoto asiyepewa maelezo huyatunga mwenyewe, na anayoyatunga mara nyingi yanatisha kuliko ukweli. Wengine hufika mahali pa kuamini kwamba wao ndio chanzo: nilikataa kula, ndiyo maana bibi anaumwa.

Hofu ya mtoto haiji ikiwa imejitambulisha. Inakuja kama kukojoa kitandani kwa aliyekwisha kuacha, kumng'ang'ania mama mpaka mlangoni mwa choo, kulia kwa sababu kikombe si kile chake, au tumbo linalouma bila ugonjwa. Wazazi wengi waliadhibu mambo haya wakidhani ni deko. Inaniuma kila nikifikiria. Mtoto anayerudi kwenye tabia za utotoni wakati wa msukosuko anasema kwa mwili wake kwamba hajisikii salama, na adhabu inamthibitishia kwamba kweli hayuko salama.

Anza kwa kumuuliza amesikia nini, ndipo umjibu kwa kadiri ya alichouliza, bila kumwongezea takwimu za vifo. Mwambie yaliyo kweli: kuna ugonjwa, unapita kwa watu wakikaribiana, tunakaa ndani ili usitufikie na sisi tusiufikishe kwa wengine. Usimwahidi kwamba hakuna mtu atakayeugua, kwa sababu huna uwezo wa kuitimiza ahadi hiyo. Unaloweza kumwahidi ni kwamba lolote likitokea atakuwepo mtu wa kumtunza, na umtajie ni nani.

"Ratiba ya saa kwa saa ndiyo suluhisho"

Zilichorwa ratiba nzuri sana, za rangi tatu. Saa mbili hisabati, saa tatu sayansi, saa nne na nusu mazoezi. Nyingi hazikumaliza wiki, na mzazi akabaki na hatia juu ya uchovu.

Mtoto anahitaji kujua kinachofuata. Hahitaji kengele kila dakika 40. Zinatosha nguzo chache zisizohama: muda wa kuamka, wa kula, wa kusoma, wa kutoka kwenye mwanga wa jua hata kama ni barazani au dirishani, na wa kulala. Yanayoingia katikati yaachwe yapumue. Tena mtoto anayesoma nyumbani akiwa na mtu mzima karibu hana haja ya kufikisha saa zote za shule. Muda mwingi wa shule huishia kwenye foleni, kuhama vipindi na kusubiri darasa linyamaze.

Vijana wana jambo lao. Katika balehe, saa ya mwili husogea mbele: usingizi huchelewa kuja na asubuhi huchelewa kuwaamsha. Si uvivu. Mwaka 2014, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo kijana anayeamka baadaye kidogo kuliko wadogo zake asitukanwe. Anayelala alfajiri na kuamka alasiri, huyo anahitaji kusaidiwa kurudi taratibu.

"Baada ya siku 21 mtakuwa mmezoea"

Namba hii haina msingi. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, na kwa wastani jambo lilichukua siku 66 mpaka kuwa la kawaida. Waliowahi walitumia siku 18, na makadirio kwa waliochelewa yalifika siku 254. Na hapo kila mtu alijichagulia tabia moja ndogo, kama kunywa maji wakati wa chakula. Familia iliyopinduliwa kila kitu kwa siku moja isijilaumu kwamba mwezi umepita na bado inahangaika. Wuhan yenyewe ilifungwa siku 76.

"Si uko nyumbani? Basi una nafasi"

Hapa sina simile ya upole. Kabla ya janga, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikwisha kuonesha mwaka 2018 kwamba wanawake duniani hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi za nyumbani na za kutunza watu ambazo hazina malipo, wanaume saa 1 na dakika 23. Kisha shule zikafungwa, wasaidizi wa kazi wakarudi kwao, wagonjwa wakauguziwa nyumbani, na milo yote ikawa ya kupikwa ndani. Kazi hiyo yote ilikwenda kwa nani? Ilikwenda kwa yuleyule.

Wapo wanaosema, "Mbona ninasaidia? Aniambie tu anataka nini." Lakini kukumbuka kwamba sabuni inaisha, kwamba mtoto ana somo la intaneti saa nne, kwamba dawa za mzee zimebaki za siku mbili, hiyo nayo ni kazi, na inachosha kuliko kuosha vyombo. Anayesubiri kuagizwa amemwachia mwenzake nusu ya mzigo iliyo nzito zaidi. Kinachosaidia ni mtu kulichukua jambo zima: atakayeshika chakula cha jioni afikirie kitapikwa nini, aangalie kilichopo, apike, asafishe, bila kuulizwa wala kukumbushwa. Watoto pia wanaweza. Wa miaka mitano hukunja nguo zake vibaya, na ziachwe hivyohivyo.

Anayefanya kazi za ofisi akiwa nyumbani yuko kazini. Sebuleni au kitandani, saa zake ni za mwajiri, na kumtuma huku na kule kwa sababu anaonekana ni kumfanya alipe deni hilo usiku wengine wakiwa wamelala.

"Skrini zote ni sumu"

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 ni mkali kweli kwa wadogo: chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikiwa pungufu ni bora. Lakini unapima muda wa kukaa tu mbele ya skrini. Mtoto anayeongea na bibi yake kwa simu ya video, anamwonesha jino lililong'oka, anafanya jambo tofauti na aliyewekewa katuni mfululizo ili anyamaze. Kwa wakubwa, uliza simu imeondoa nini. Ikiwa usingizi, mwili kujongea na mazungumzo ya mezani vipo, punguza wasiwasi. Ikiwa imekula usingizi, anzia hapo: simu zote, na za wazazi pia, zilale nje ya chumba.

"Baada ya miezi tisa watazaliwa watoto wengi"

Ilisemwa kila mahali. Desemba 2020 na Januari 2021 ilikuwa kinyume: Italia, Uhispania, Ufaransa na Marekani zote ziliandikisha vizazi pungufu kuliko miezi kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Watu wenye hofu ya kazi na afya huahirisha.

"Kumlinda mzee ni kumwacha peke yake"

Machi 2020 WHO walianza kusisitiza umbali wa mwili, wakieleza kwamba watu wanapaswa kutengana kwa miili na kuendelea kuwa pamoja kwa mengine. Mzee anayepigiwa simu siku ileile saa ileile ana kitu cha kusubiri. Na asipigiwe kuulizwa afya tu. Aulizwe ushauri, aombwe hadithi, awasomeshe wajukuu mashairi kwa simu.

"Nyumbani ndiko salama"

Dhidi ya kirusi, ndiyo. Kwa anayeishi na mtu anayempiga, mlango uliofungwa ulimfungia na adui yake. Mwanzoni mwa Aprili 2020, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitoa wito wa kusitisha vita majumbani, baada ya taarifa za ukatili kuongezeka nchi baada ya nchi. Visiwa vya Canary nchini Uhispania vilianzisha utaratibu wa mwanamke kwenda duka la dawa na kuomba "Barakoa 19". Mfamasia aliyesikia maneno hayo alijua aite msaada.

Kwa hiyo neno "vumilia" lina mpaka. Ugomvi wa chaja na zamu za vyombo unavumilika na kuzungumzika. Kipigo, vitisho, kunyang'anywa simu, kuzuiwa kuongea na ndugu, hayo si msongo wa kukaa ndani, na amri ya serikali ya kubaki nyumbani haimlazimu mtu kubaki anapoumizwa. Ukiwa na jirani au ndugu unayemshuku yuko katika hali hiyo, usimtumie ujumbe wa kumuuliza moja kwa moja, maana huenda simu inasomwa na mwingine. Mtafute anapotoka dukani, au mkubaliane neno la kawaida ambalo akilitaja utajua uite msaada.

"Milango ikifunguliwa, yamekwisha"

Machi 2022 WHO walieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Hali kama hizo haziondoki kwa tangazo la redio. Wapo watoto waliogoma kurudi shule, na watu wazima walioshtuka wakikaribiwa dukani. Mtoto wa namna hiyo asiburutwe, wala asiachwe abaki nyumbani moja kwa moja. Mpeleke kwanza aione shule ikiwa tupu, kisha akutane na rafiki mmoja, ndipo aanze kwa nusu siku, mwalimu akiwa ameambiwa mapema.