Ufufuaji wa matawi ya reli ya viwandani: maana yake na unavyoihusu Mtwara

Tawi la reli la kiwandani ni njia fupi ya treni inayochepuka kutoka reli kuu na kuishia ndani ya uzio wa kiwanda, kwenye ghala au kwenye gati la bandari. Wafanyakazi wa reli huliita saidingi, ingawa jina hilo hutumika pia kwa njia ya pembeni ya stesheni ambako treni moja huegeshwa ili kuipisha nyingine. Tawi la kiwandani halina ratiba wala jengo la abiria. Kilichopo ni mteja na mzigo wake. Behewa tupu husukumwa hadi mlangoni mwa ghala, hupakiwa hapo hapo, kisha kichwa cha treni huja kulichukua na kwenda kuliunganisha na mengine. Faida yake iko katika kupakia mara moja tu, kwa sababu pasipo tawi mzigo hupandishwa kwenye lori, hushushwa stesheni, kisha hupandishwa tena kwenye behewa, na kila hatua ina ujira wa wapakiaji, muda unaopotea na magunia yanayopasuka. Mtu yeyote aliyewahi kusimamia upakiaji wa korosho ghalani wakati wa msimu anajua hesabu hiyo inavyouma.

Ufufuaji, basi, ni kulirudisha tawi la namna hiyo katika matumizi baada ya kuachwa. Kuachwa kwenyewe huja polepole. Tawi huwa na mteja mmoja au wawili, kwa hiyo kiwanda kikifungwa au kikihamia kwenye malori, kampuni ya reli haioni sababu ya kupeleka kichwa cha treni kwa ajili ya mabehewa mawili matatu. Majani huota katikati ya mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia, kokoto huzikwa na udongo, na siku moja mafundi huja kuing'oa swichi, yaani kile kifaa kinachoiwezesha treni kuiacha reli kuu na kuingia kwenye tawi. Hapo ndipo tawi hufa hasa, hata kama vyuma vyake bado vinaonekana ardhini.

Watu wengi hudhani kwamba kilicho kigumu katika kufufua ni chuma. Sikubaliani nao. Reli mpya hununuliwa, mataruma hubadilishwa, kokoto humwagwa upya. Ardhi ndiyo isiyorudi kirahisi. Lori hukata kona ndani ya uwanja mdogo, lakini behewa la mizigo, hata likienda polepole kwenye tawi, huhitaji kona pana yenye nusukipenyo cha mita mia moja au zaidi, na huhitaji mteremko mdogo sana, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza panapopanda. Kugusana huko kwa chuma na chuma ndiko kunakoifanya treni ivute tani nyingi kwa mafuta machache, na hukohuko ndiko kunakoinyima uwezo wa kupita popote. Nyumba moja ikijengwa katikati ya kona, tawi zima hukatika, kwa sababu hakuna namna ya kuikwepa nyumba hiyo bila kuihamisha kona yote.

Ndiyo maana dhana hii ina sura zaidi ya moja. Sura ya kwanza ni kulirudishia tawi mizigo yake. Ya pili ni kulipa kazi nyingine ya reli: mwaka 2012, treni ya mjini ya Dar es Salaam, iliyozoeleka kwa jina la treni ya Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wakati huo, ilianza kubeba abiria kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, ikitumia njia inayotoka Reli ya Kati na kuingia eneo la viwanda la Ubungo. Sura ya tatu ni kuigeuza njia kuwa ya waenda kwa miguu, kama ilivyofanyika New York, ambako reli ya mizigo iliyojengwa juu ya nguzo katika miaka ya 1930, na iliyopitisha treni yake ya mwisho mwaka 1980, ilianza kufunguliwa kama bustani mwaka 2009. Wengine huiona sura hii ya tatu kuwa ni maziko ya reli yenye maua. Si lazima iwe hivyo: nchini Marekani, sheria ya mwaka 1983 inaruhusu njia ya treni iliyoachwa itumike kwa matembezi huku haki ya kuirudisha reli ikibaki, na kwa njia hiyo ukanda wa ardhi hauuzwi vipande vipande.

Kwa Mtwara na Lindi, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu hapa halikufa tawi tu. Reli kuu yenyewe ilitoweka. Reli ya Jimbo la Kusini ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wa karanga, yaani mpango wa serikali yao wa kulima karanga katika mashamba makubwa. Ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Mpango wa karanga uliachwa mwaka 1951, lakini ujenzi uliendelea: bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikafunguliwa na kuunganishwa na reli hiyo katikati ya miaka ya 1950, na baadaye njia ikafika Masasi. Mwaka 1962 reli ikafungwa kwa kukosa mizigo ya kutosha, kisha vyuma vikang'olewa. Reli iliyosubiri karanga ambazo hazikuja ilikuwa na mteja mmoja mkubwa, na mteja huyo alipoondoka ilikufa kama tawi lolote la kiwandani linavyokufa.

Yaliyofuata yanasikitisha zaidi. Viwanda vya kubangua korosho vilijengwa na Serikali katika miaka ya 1970 na 1980, yaani baada ya reli kuondoka, na kwa hiyo vilizaliwa vikitegemea lori. Hata kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka, kilijengwa mahali pasipo na reli. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, huteremka hadi Mtwara kwa malori katika barabara inayotumiwa pia na mabasi, bodaboda na watoto wanaokwenda shule. Treni moja ya mabehewa 20, kila behewa likibeba tani 40, ingechukua tani 800, ambazo ni mzigo wa malori 27 yenye tani 30 kila moja.

Kwa maana kali ya neno, kwa hiyo, Mtwara haina tawi la kufufua. Ilicho nacho ni nafasi ya kutorudia kosa. Mipango ya Serikali ina reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa takribani kilomita 1,000, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Matawi hayo makubwa ya migodini yanazungumzwa sana, na ni haki yazungumzwe. Yasiyozungumzwa ni yale madogo ya mjini: kutoka reli kuu hadi kwenye maghala ya korosho, hadi kiwanda cha saruji, hadi kwenye gati. Yasipochorwa kwenye ramani ya mipango miji sasa, wakati viwanja bado vinapimwa, reli itafika na kupita, nayo maghala yatabaki na malori yao.

Kiasi cha ardhi kinachohitajika si kikubwa. Tawi la kilomita 2 lenye ukanda wa mita 30 huchukua hekta 6, yaani takribani ekari 15. Pembezoni mwa mji wetu ardhi ya kiasi hicho leo ni mikorosho, minazi na vichaka, na mwenye mikorosho anaweza kulipwa fidia yake akapanda mingine. Baada ya miaka 10 huenda eneo hilohilo likawa na nyumba za watu wenye hati, msikiti, shule na nguzo za umeme, na kona ya tawi itakuwa imepita katikati ya vyumba vyao vya kulala.