Nyundo ya Piano Haipimwi kwa Weupe Wake

Nikiletewa piano iliyopoteza sauti, mwenyewe huninyooshea kidole kwenye nyuzi. Mimi naanza na nyundo, vile vichwa vya mbao vilivyovikwa felti, yaani sufu iliyoshikamanishwa, ambavyo hupiga nyuzi. Nachoma sindano kwenye bega la mojawapo, yaani ubavu wake karibu na ncha, na kabla sijagusa kitufe hata kimoja nimeshajua mengi. Felti hai huishika sindano, huibana, kisha huiachia taratibu. Felti iliyokufa hukataa kama ubao, au huimeza sindano kama pamba ya mto.

Asili ya tofauti hiyo ni sufu yenyewe. Unywele wa kondoo umefunikwa na magamba madogo mno yanayoelekea upande wa ncha. Ukiilowesha sufu, ukaipasha moto na kuisugua, nywele husogea upande mmoja tu, hupenyana, na magamba huzizuia zisirudi nyuma. Hakuna kufuma wala gundi. Tena kila unywele una mawimbi yake ya asili, na sufu laini kama ya kondoo wa merino ina mawimbi mengi. Kila wimbi ni springi ndogo.

Springi hizo ndizo ninazozitafuta. Nyundo inatakiwa ipige na kuondoka papo hapo. Ikikawia juu ya uzi, inazima sauti nyembamba ilizoziamsha yenyewe, na noti inabaki butu. Felti pia ina tabia ambayo naipenda kuliko zote: kadiri inavyogandamizwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Mpiga piano akigusa polepole anapigiwa na nyundo laini, akigusa kwa nguvu anapigiwa na nyundo ngumu, na nyundo ni ileile. Ndiyo maana noti hubadilika rangi ya sauti pamoja na ukubwa wake. Ngozi, iliyotumika kabla mtengenezaji wa piano Henri Pape hajasajili hataza ya felti mjini Paris mwaka 1826, haikuweza hayo kwa kiwango hicho.

Kiwandani, utepe wa felti ulio mnene upande wa besi na mwembamba upande wa sauti za juu hukunjwa juu ya mbao na kugandishwa kwa gundi ndani ya mashine ya kubana, kisha hukatwa kuwa nyundo moja moja, 88 kwa piano ya kawaida. Kwa nje felti imevutwa, kwa ndani imebanwa, na mvutano huo ndio uhai wa nyundo. Sufu dhaifu haiwezi kuubeba. Joto la mashine likizidi, unywele huungua na kupoteza mnyumbuko. Tindikali inayotumika kuunguza mabaki ya majani ndani ya sufu, ikizidi, huleta hasara hiyohiyo.

Niliwahi kufunga seti nyeupe pe, ngumu, nzuri ya kutazama. Sauti ilikuwa kali mno. Nikachoma sindano kuilainisha, ikadorora. Nikatia vanishi nyepesi kuirudisha, ikalia kama bati. Katikati ya hali hizo mbili hapakuwa na kitu. Nikaipasua moja: nywele zilikuwa fupi, zikikatika vidoleni. Nilizitoa zote, na tangu siku hiyo navuta kishungi cha felti kabla sijakubali seti yoyote. Nataka nywele ndefu, zinazogoma kutoka.

Vanishi haina kosa. Nyundo za piano za kampuni ya Steinway ya New York hutengenezwa laini kwa makusudi, fundi azikazie kwa vanishi. Ila vanishi huongeza ugumu tu. Mnyumbuko lazima uwe ulishaletwa na sufu.

Kwa hiyo nyundo kuukuu zenye mifereji ya nyuzi, kama sufu yake bado ni hai, siharakishi kuzitupa. Napitisha msasa tabaka kwa tabaka, kutoka begani kuelekea ncha, nikifuata umbo lake la yai, hadi mifereji ipotee. Kwenye noti za juu kabisa mkono unakuwa mwepesi sana, maana felti pale ni chache na mbao ipo karibu. Halafu narudia sindano, begani tena, na kusikiliza inavyoachiwa.