Kabla ya kununua kiyoyozi, tazama jua linazama wapi

Mwezi wa Februari, ukishasali Isha, toka nje uweke kiganja kwenye ukuta wa chumba unaotazama magharibi. Jua limezama zaidi ya saa nzima, lakini tofali za saruji bado zina moto, na moto huo unaingia ndani wakati ule ule watoto wanapolala. Kiyoyozi kitapigana na ukuta huo usiku kucha, kwa umeme unaoulipia wewe.

Nchi za baridi huigeuza nyumba ili ilipokee jua. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Unguja kama nyuzi 6, Pemba 5. Hesabu ni hiyo hiyo, ila tunaitumia kulizuia. Adhuhuri jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini hulindwa na upenu tu. Upenu wa sentimita 60 upande wa kusini, saa sita mchana mwezi wa Disemba, hushusha kivuli cha karibu mita 2. Upande wa kaskazini, mwezi wa Juni, kivuli hupungua hadi kama mita 1, lakini huo ni msimu wa kipupwe, hakuna anayeungua.

Tatizo ni mashariki na magharibi, ambako jua huja limeinama na kupenya chini ya upenu. Huko weka choo, stoo, ngazi. Kama kiwanja chako ni chembamba na barabara iko magharibi, jenga kibaraza kipana mbele.

Nyumba ikinyooka mashariki–magharibi, pepo za kaskazi na kusi zote zinaikuta pana. Ila upepo hauingii pasipo na pa kutokea: dirisha litazamane na jenzake. Dirisha la kioo la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu. Yale ya mbao ya Mji Mkongwe, yenye mianya ya mshazari, hupitisha hewa hata yakifungwa.

Paa fupi linalofichwa nyuma ya ukuta linanisikitisha sana. Limetunyang'anya upenu, na kuta zimebaki wazi kwa jua na kwa masika.

Fundi hajachimba msingi? Nenda kiwanjani saa kumi jioni, chomeka kijiti ardhini, uone kivuli chake kinalala wapi. Umpeleke na mchoraji wako akaone.