"Mwacheni alale": kauli inayoponza majeruhi wa kichwa

Msimu wa karafuu Pemba watu huanguka mikarafuuni. Unguja ni bodaboda mwaka mzima. Majeruhi wa kichwa akishalazwa, jamaa hawakosi kusema: "Mwacheni alale maskini, mnamsumbua bure."

Si bure. Damu huweza kujikusanya taratibu chini ya fuvu, mgonjwa akazungumza vizuri jioni na usiku akazimika. Dalili ya mapema ni fahamu kushuka, na fahamu za aliyelala hazipimiki mpaka aamshwe. Akiwa chini ya alama 15, ambazo ni fahamu kamili katika kipimo cha Glasgow, hupimwa kila nusu saa. Akizifikia, nusu saa huendelea kwa saa mbili, kisha kila saa kwa saa nne, ndipo kila saa mbili. Usiku nao umo.

Kipimo hicho kipo tangu 1974, na alama zake za juu ni: kufumbua macho (E) 4, maneno (V) 5, kusogeza viungo (M) 6. Wauguzi, nawasihi, msiandike "13" tupu. Andikeni E3 V4 M6, maana 13 ya mmoja siyo 13 ya mwengine. Zamu ikibadilika, anayetoka na anayeingia wampime pamoja: asiyeitika sauti huminywa, na anayeminya kwa huruma na anayeminya sawasawa hawapati jibu moja. Minyeni msuli wa juu ya bega. Kusugua kifua kunachubua ngozi. Alama 1 ikishuka ikadumu nusu saa, hasa ya viungo, daktari aitwe.

"Anakoroma, kalala fofofo." Kama haamshiki, huo si usingizi, ulimi umeziba njia ya hewa. Sukuma taya mbele bila kuikunja shingo, na uite msaada papo hapo.

"Kanishika mkono, ananijua." Kiganja kikiguswa huweza kujifunga chenyewe. Mwambie aachie, au atoe ulimi.

"Mboni ziko sawa, hakuna hatari." Mboni moja kupanuka, au presha kupanda huku mapigo yakishuka, ni dalili za kuchelewa. Mgonjwa wa Mkoani, Pemba, anayengojewa mpaka zitokee bado ana bahari ya kuvuka hadi hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.

"CT ya jana ilikuwa safi." Picha hiyo ya ndani ya kichwa ni ya jana. Damu huweza kuanza baadaye.

Na anayehangaika kitandani asikimbiliwe na dawa ya usingizi. Angalieni kwanza oksijeni, sukari, maumivu, na kibofu. Kibofu kilichojaa husahauliwa mno. Ukimpa dayazepamu, asubuhi hakuna atakayejua kama aliyelala ni dawa au ni ubongo unaobanwa.