Pakiti moja, vinywa vinne

Katika kituo cha afya ninakofanya kazi hapa Goma, kila mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzunguko wa mkono wa kushoto kwa utepe wa rangi tatu, na akiwa chini ya milimita 115, yaani penye nyekundu, huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Kisha tunambonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba kwa sekunde tatu, kwa kuwa mtoto mwenye bwaki (kwashiorkor, utapiamlo wa kuvimba mwili) huvimba, na utepe peke yake unaweza kumpitisha kama mzima.

Mwenye hamu ya kula, asiye na ugonjwa mwingine wa hatari, hutibiwa nyumbani kwa pakiti za karanga zilizosagwa pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500, haihitaji maji wala makala ya kupikia, na mtoto wa kilo 7 hula mbili hadi tatu kwa siku. Ni dawa, ingawa ina utamu wa peremende, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Mama mmoja alirudisha pakiti zake 18 za wiki, zote tupu, ilhali uzito wa mtoto haukuwa umesogea. Nilizitazama: zilikuwa zimepasuliwa upande mzima na kulambwa mpaka ndani, wakati anayemlisha mgonjwa hukata pembe ndogo na kuminya kidogo kidogo. Nilipomuuliza, alijibu kwa upole, “Muganga, niko na watoto wane.”

Tumezoea kumsomea mama kama huyo somo la kutogawa dawa, nami nimelisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku hizi naona kosa ni la mpango unaomlisha mmoja na kuwaacha watatu wakitazama. Kambi za waliokimbia vita za Bulengo na Lushagala, karibu na Goma, zilipovunjwa Februari 2025, familia nyingi zilirudi Masisi na Rutshuru zikakuta mashamba yasiyo na mavuno, hivyo pakiti ya mgonjwa ikawa ndiyo chakula cha nyumba.

Mama yule tulimwandikisha kupata unga, maharagwe na mafuta ya familia nzima. Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa ameongeza gramu 450, na pakiti zilizorudi zilikuwa zimekatwa pembeni tu.