Kwa nini miji ya nchi zenye mafuta hujaa watu bila kujaa viwanda?

Ukiuliza ni nini huvuta watu mjini, jibu la haraka ni viwanda. Uingereza ya karne ya 19 ilikwenda hivyo. Shenzhen ya China nayo, baada ya kufanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, ilijazwa na waliofuata kazi za viwandani. Ndipo tukazoea kuuona mji mkubwa kuwa ushahidi wa viwanda, na hapo ndipo tunapokosea. Nchini Gabon takriban watu 9 kati ya 10 huishi mijini, kiwango kinachoipita hata Ujerumani, ilhali nchi hiyo huishi kwa kuuza nje mafuta, manganizi na mbao. Mji hukua pale fedha zinapotumika, hata kama zimechimbwa mbali, baharini, na watu wachache.

Lipo kosa la pili lililojificha nyuma ya hilo: kudhani viwanda havipo kwa sababu tu hakuna aliyevijenga. Mara nyingi mauzo ya nje yenyewe ndiyo huvibana. Hali hiyo wachumi huiita ugonjwa wa Kiholanzi, kwa yale yaliyovipata viwanda vya Uholanzi baada ya gesi kugunduliwa Groningen mwaka 1959.

Tuchukue kiwanda cha mashati, kwa tarakimu za mfano. Shati huuzwa dola 5 popote duniani. Dola moja ikiwa sawa na sarafu 100 za nchini, kiwanda hupata 500. Kitambaa kutoka nje hula 150, ujira 300, faida ni 50. Sasa mafuta yanaanza kuuzwa. Dola zinamiminika, kila mwenye nazo anataka kuzibadilisha, na dola inashuka hadi sarafu 80. Shati lile lile sasa linaingiza 400. Kitambaa kimeshuka hadi 120, lakini ujira bado ni 300, kwa hiyo hasara ni 20 kwa kila shati. Mshonaji hajakosea lolote.

Mtazame kinyozi wa mtaa huo huo. Hakuna meli inayoleta unyoaji kutoka nje, kwa hiyo wateja wakiwa na fedha zaidi yeye hupandisha bei. Vivyo hivyo fundi ujenzi, mlinzi, dereva na mwenye nyumba ya kupangisha. Vijana huziendea kazi hizo, na kiwanda kinacholazimika kulipa 350 ili kuwazuia kinapoteza 70 kwa kila shati. Mji unapanuka, karakana zinafungwa, mashati yanaagizwa kutoka nje. Serikali ikiishikilia bei ya dola isishuke, njia hubadilika tu: bei na mishahara ya ndani hupanda, na mwenye kiwanda hufika pale pale.

Mafuta si maelezo ya yote, hata hivyo. Sehemu kubwa ya ongezeko la watu mijini ni watoto wanaozaliwa humo humo. Tena kulinganisha nchi kunahitaji uangalifu, kwa kuwa Denmark huhesabu makazi ya watu 200 kuwa mji, na Japani kwa kawaida hutaka 50,000.

Udhaifu wa mji wa namna hii huonekana bei ya nje inapoanguka. Mafuta yalikuwa zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014. Januari 2016 yalishuka chini ya 30. Angola, ambako mafuta yalikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nje, ilikosa dola za kuagizia hata vitu vya kawaida, na karakana ambazo zingevitengeneza hazikuwapo. Huwezi kuzifufua kwa mwezi mmoja: mafundi wametawanyika, mashine zimeuzwa, wanunuzi wa nje wamepata wauzaji wengine.

Kwa kawaida watu hubaki mjini hata hivyo. Zambia ndiyo mfano adimu wa kinyume chake. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970 na ikakaa chini kwa muda mrefu. Mwaka 1980 takriban watu 40 kati ya 100 waliishi mijini. Kufikia 2000 walikuwa takriban 35. Ujira ukiisha mjini, kodi ya nyumba na chakula bado hudai fedha taslimu, na kijijini angalau mahindi yaliweza kupandwa.